Ng'ombe Saba wa Baba Mkubwa

Juzi mjukuu wangu alimwaga maharagwe makavu kwenye sinia la bati, na mlio ule ukanirudisha kisiwani Rusinga, miaka ya sitini, nikiwa na miaka kumi na magoti yaliyojaa vumbi. Ndivyo mbegu za ajua, bao letu la kijijini, zilivyolia zikidondoshwa katika mashimo ya ubao: safu mbili, mashimo manane kila upande. Mbegu tuliziita ng'ombe. Ukizigawa na ya mwisho ikaangukia shimo lako lililo tupu, unakula ng'ombe wote wa mwenzako walio mkabala.

Mcheza kwao hutunzwa, wasemavyo, lakini pale kwetu alihojiwa kwanza. Aliyeshindwa alipaswa kuzipanga mbegu upya, mpaka pale mchezo ulipomponyoka, kisha ataje kosa lake mbele ya watu. Asiyeweza hakuketi tena kwenye ubao hadi mavuno. Niliwaona wanaume wazima wakilaumu jua, nzi, hata wake zao.

Siku moja Baba Mkubwa, kaka yake baba na bingwa wa kijiji, alikosa mwenzake wa kucheza. Akaniita kwa mzaha. Wasichana hatukuwa tukicheza na wazee, na mimi nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo kwa miezi. Nilijitahidi, nikarundika ng'ombe kumi na watatu katika shimo moja la pembeni. Akawala wote kwa mkupuo. Watu wakacheka.

"Haya, nyathina, mtoto wangu," akasema, "kosa liko wapi? Ama nikuonyeshe? Uliwarundika."

Macho yangu yalikuwa yameushika ubao wote. Nikapanga mbegu, si pale alipotaja, bali mizunguko miwili nyuma yake.

"Ni hapa, Baba Mkubwa. Hizi nne zingeishia shimo langu tupu. Ningekula ng'ombe wako saba."

"Sasa mbona hukula?"

"Niliona aibu. Wewe ni mkubwa wangu, na watu wanatazama."

Kicheko kilikatika. Akainama, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Kisha akasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Na mimi nilikosea. Nililiona hilo shimo. Niliwaacha wale saba wazi nikijua hutathubutu. Kaa, tuanze tena. Na leo ukipata, kula."

Nilikula. Alinishinda hata hivyo, bila huruma yoyote, nami nikaenda ziwani kuteka maji nikitembea kama chifu. Nilijivuna kwa kuwa nimekumbuka ubao mzima. Miaka mingi ilipita kabla sijatambua jambo kubwa zaidi: desturi haikumtaka mshindi ataje kosa lake. Baba Mkubwa alilitaja lake kwa mtoto wa kike wa miaka kumi, mbele ya wanaume wenzake, kwa sababu alikuwa ameshanihesabu kuwa mchezaji.