Solo Yangu na Chaja ya Laptop

Leo nimenyang'anywa solo kwa sababu ya mzzzz.

Mwalimu wetu wa kwaya, Bro Kevo, aliniita kwake Al Twar, hapa Dubai, nikitoka kazini, bado niko na yunifomu ya ugadi. Laptop iko kwenye chaja. Akaweka rekodi ya mazoezi yetu, akanipa earphone zake mpya, zile zinanasa hata mbu akipiga chafya.

"Sikia mwenyewe, sista. Wengine wakinyamaza ubaki peke yako, kuna mngurumo kwa sauti yako. Ijumaa kwa ibada, solo ataimba mwenzako Joy."

Kweli, nikausikia. Mzzzzzz. Roho ikashuka.

(Na huu wimbo nimeufanyia mazoezi mpaka kwa choo cha kazini, jamani.)

Halafu nikakataa.

"Simamisha wimbo."

Akasimamisha.

Mzzzzzz.

"Na hapo pia naimba mimi?"

Nikachomoa chaja ukutani, mngurumo ukakatika hapo hapo. Nikarudisha wimbo: sauti yangu, safi kabisa.

Unajua aliniambia nini?

"Lakini nishamwambia Joy."

Basi mwambie tena! Wewe ungekubali?

Ijumaa nasimama mbele, khalas, imeisha hiyo. Na hiyo chaja ikitaka solo, ije mazoezini kama sisi wote.