Evodia Agonga Ukuta wa Bafu

Babu yangu, Mzee Alute wa Unyambwa, alitaka vigae vya zamani vya bafuni vibomolewe. Fundi Evodia akakataa.

"Babu, vimeshika. Nikivivunja, nabomoa na ukuta. Nabandika juu yake."

"Kigae juu ya kigae? Vikianguka, Singida nzima itakukimbia!"

Mafundi wangapi huvunja kabla ya kuuliza? Evodia aligonga kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo, akisikiliza, kama baba yake alivyogonga mizinga kujua kama ina asali. Viwili vikalia kama debe tupu. Akaving'oa, akaziba kwa saruji. Vingine akavikwaruza mng'ao uishe, gundi ya vigae vipya ishike.

Kesho yake babu alitia kucha ukingoni mwa kigae kipya, akavuta. Kucha ikavunjika.

"Haya, binti," akasema, akinyonya kidole. "Twende jikoni ukagonge na kule."