Fundi Qiu na Mlango wa Kulia

Lango la Mashariki la jumba la wafalme, hapa Beijing, lina safu nane za misumari. Malango mengine yana tisa. Wazee walisema ni kwa sababu majeneza ya wafalme yalitokea hapo. Sisi mafundi hatukujali. Lilikuwa lango letu.

Mimi nilikuwa nakoroga damu ya nguruwe na unga wa matofali, ule udongo wa kukandika juu ya nyuzi za katani zinazofunika mbao, kabla ya rangi nyekundu. Nilinuka, sikatai. Fundi Qiu Delin aliniita Dada Bucha, nami nikamwita babu, ingawa alikuwa na miaka sitini tu.

Kazi yake ilikuwa kugonga. Alikuwa na kinyundo cha mbao, anagonga mlango na kutega sikio. Ukilia mzito, tabaka la zamani ni zima, linaachwa. Ukilia mtupu, linabanduliwa lote hadi kwenye mbao. Neno lake halikupingwa.

Masika ya 1988, miezi miwili kabla hajastaafu, tulifika mlango wa kulia. Tabaka lake lilikuwa kazi ya mwisho ya marehemu baba yake Qiu. Mzee yule hakuacha hata picha. Kilichosalia cha mikono yake ni hicho tu. Sote tulijua, tukawa tunaomba kimoyomoyo ulie mzito.

Qiu akagonga karibu na bawaba ya chini. Akarudia mara tatu.

"Babu, unabisha hodi?" nikamtania. "Wenye nyumba walishakufa!"

Hakucheka. "Njoo usikilize."

Nikaweka sikio. "Mbona mzima huu!"

"Acha kunibembeleza, Dada Bucha. Mtupu."

"Sasa nani atajua? Rangi ikishapita juu…"

"Mimi nitajua. Baba alinizaba kofi kwa pengo dogo kuliko hili."

Akazidi kugonga, akichora chaki kila palipolia patupu. Kufika adhuhuri chaki ilikuwa imeenea mlango mzima. Wenzetu wakachukua mashoka, akawazuia.

"Nipeni mimi. Nililipaka na baba, nitalitoa mwenyewe."

Alibandua siku tatu, hataki msaada. Mbao zilipobaki tupu alikaa juu ya ndoo, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

"Sasa baba hayupo kabisa," akasema.

Nikakaa chini kando yake, nikalia mimi.