Springi za Baba chini ya Ndizi

Siku fundi alipong'oa miguu ya mbele ya gari la baba, uani kwetu Busunzu tulikuwa watu watano. Alikuwepo baba mwenyewe, Anatoli, dereva. Alikuwepo mama yangu Skolastika, mkewe wa ndoa ya kanisani. Fundi alikuwa Zabroni, rafiki wa baba tangu ujana, aliyeshuka asubuhi ile kwenye lori la mahindi kutoka Kasulu. Wa nne ni baba mkubwa Nestori, kaka yake baba, tumbo moja, ambaye alikuja kutazama tu. Na mimi Leokadia, mtoto pekee wa nyumba ile, nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Miaka ya tisini ndiyo kwanza imeanza. Uani palinuka grisi na ndizi mbivu kwa pamoja, maana mama alikuwa mpika pombe ya ndizi na shimo lake la kuivishia lilikuwa hatua chache tu kutoka pale gari lilipowekwa.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun ndogo ya bluu, milango miwili, kuukuu hata kwa wakati ule. Ndilo lililotulisha. Baba alipakia abiria kati ya Busunzu na Kibondo, wajawazito wa kwenda hospitali, na wachuuzi wa Mabamba na mafurushi yao ya vitenge. Barabara ile ililimaliza kwa mbele, ikawa kila shimo unalisikia kwenye meno. Basi baba akaagiza shokamzoba mbili mpya, na springi zake, na bushi zake za mpira, zikaja kwa treni mpaka Kigoma. Zabroni akaliinua gari, akalikalisha juu ya magogo, akatoa zile za zamani. Alisema bushi zimelainika kama biskuti iliyolowa. Vile vyuma vibovu akampa mhunzi, navyo vikawa visu na majembe. Mpya angezifunga kesho yake. Kesho yake baba akaamka na homa kali. Tulimpeleka Kibondo amefungwa kwenye baiskeli kwa shuka, kwa sababu gari lake halikuwa na miguu, na siku ya tatu alifia hospitali.

Udongo wa kaburi haujakauka, Nestori akasimama mbele ya wanaukoo akasema gari ni mali ya ukoo, na ukoo ni yeye. Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni, na hilo Nestori hakulisahau. Akamwambia, "Ninyi mlikuja huku na kikapu kichwani. Ukitaka kurudi kwenu, kikapu chako hakuna atakayekigusa." Wanaume wakacheka, na mama akaendelea kuchambua maharage. Mimi nilimwomba Mungu amuue Nestori palepale kwenye kiti. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyoomba.

Mpango wake ulikuwa Zabroni arudi Jumamosi, afunge vyuma vipya, naye aondoke na gari. Siku ya kunyoa nywele za msiba, wanaume wote walipokwenda mtoni, mama akaniita chumbani. Tukavuta magunia mawili ya vile vyuma vipya vya baba kutoka uvunguni mwa kitanda, mazito kama ndama, tukayaburuta hadi kwenye shimo la ndizi. Tukayalaza chini kabisa, tukapanga mikungu juu yake, tukafunika majani, kisha udongo. Mama akakanyagakanyaga akijifuta jasho, akaniambia kama nina ulimi nikaufungie humo humo.

Jumamosi walitafuta kila mahali. Walipekua dari, ghala, hata chooni wakachomeka fimbo. Nestori alichoka akaja kukaa ukingoni mwa shimo lenyewe, akimuuliza mama vyuma viko wapi. Mama akajibu, "Shemeji, vyuma mimi nitavijulia wapi? Si mimi ni mtu wa kikapu?" Kijana mmoja akapendekeza shimo lifukuliwe. Wazee walimkemea vibaya. Shimo likifunguliwa kabla ya siku zake ndizi zinaharibika, na hizo zilikuwa za pombe ya kuondolea matanga. Nestori mwenyewe ndiye aliyekuwa mnywaji wa kwanza. Akatazama udongo ule, akameza mate, akainuka.

Zabroni alisema bila vile vyuma hawezi kazi, akarudi kwao Kasulu. Nestori akatafuta fundi mwingine, akamletea shokamzoba za pikapu, ndefu na nene, wakachomelea kwa nguvu mpaka zikaingia. Gari likasimama pua juu kama mbuzi anayefikia jani. Watoto wa shule wakaliita Mtazama Mbingu. Lilipiga kelele kuanzia mlimani, na mjamzito mmoja aliomba ashuke atembee. Abiria wakaisha.

Wakati huo zahanati ilikuwa na nesi kutoka Tanga, sista Mwanahamisi, mwenye Datsun nyeupe ya aina ileile, nayo imechoka mbele vilevile. Mama aliyatoa magunia yale shimoni akampelekea, tukamwita Zabroni. Nakumbuka alivyotufundisha kwamba bushi haikazwi gari likiwa hewani. Kwanza litue chini, libebe uzito wake, ndipo ukaze. Sista akauliza bei.

"Bei sitaki," mama akasema. "Nataka kila Jumapili unipeleke kanisani, nikae mbele, tupite mlangoni kwa shemeji. Polepole."

Sista alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Leo, we una roho mbaya."

"Ninayo. Ndiyo pekee waliyoniachia."

Jumapili ya kwanza tulimkuta Nestori amelala chini ya Mtazama Mbingu, miguu tu ndiyo inaonekana. Hakutusikia, gari lilikuwa kimya mno. Mama akateremsha kioo, akamwamkia kwa Kiha salamu ndefu ya heshima yote, habari za mke, za watoto, za mbuzi. Nestori akatoka chini ya gari, akatazama magurudumu yetu ya mbele yanavyomeza mashimo, akaelewa vyuma viliishia wapi. Angesema nini? Nesi ndiye aliyewachoma sindano wanawe. Tulipita hivyo kila Jumapili, karibu miaka miwili, hadi sista alipohamishwa.

Shule niliacha darasa la nne, hakukuwa na wa kunilipia. Siku hizi barabara ni lami, na mwanangu ananiambia kwamba mama angekwenda barazani au mahakamani angepewa gari lote. Labda. Lakini gari lingeshazeeka likafa, na zile Jumapili bado ninazo. Nestori alipokufa nilikwenda msibani, nikala nikashiba, sikulia.

Kama yupo wa Busunzu au Kasulu anayekumbuka zaidi yangu, kwamba fundi aliitwa jina lingine au Datsun haikuwa ya bluu, aniambie nami nitafuta. Watoto wa Nestori nao wakitaka kunisahihisha, waje. Nitawasikiliza mpaka mwisho, ila sitasimama kuwapokea.