Mstari Mwekundu wa Darajani

Shangazi yangu aliniusia jambo moja tu: akifa, nimwoshe mimi, binti wa kaka yake. Alilisema akiwa mzima kabisa, anachambua mchele uani kwa baba, mtaani Ipuli, nami nikacheka nikamwambia atatuzika sote. Alizaliwa Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, akaolewa ng'ambo ya daraja la Rusumo, nchini Rwanda, na huko ndiko alikozeekea.

Alfajiri moja binamu yangu, mwanawe, akanipigia. Mama ametangulia. Watamzika siku hiyohiyo baada ya Alasiri, kama ilivyo kwetu Waislamu, lakini kumwosha wataningoja mimi. Makaratasi ya kuvushia gari nilikuwa nimeyaandaa tangu alipozidiwa. Jua halijachomoza nikawa nimeshautoka mji, na saa sita na nusu nilikuwa njia panda ya Ngara, nusu saa tu kufika mpakani.

Hapo ndipo nilipotoa simu. Siku zote nilikuwa nikienda kwa shangazi kwa basi, mambo ya njia nikimwachia dereva; hii ilikuwa mara ya kwanza kuvuka na gari langu mwenyewe, na nilijiona mjanja. Ramani ikanionyesha mstari mwekundu mpaka darajani, foleni ya zaidi ya saa mbili. Ya nini kukaa juani na kuchoma mafuta? Nikamwandikia binamu kwamba daraja limejaa, waningoje kidogo. Nikaswali Adhuhuri, nikaingia mgahawani nikaagiza wali, nikawa naitazama simu kila baada ya tonge mbili. Mwekundu. Mwekundu vilevile.

Meza ya pili alikaa dereva wa teksi aliyetoka kuvuka muda si mrefu. Nilimsikia akimsimulia mwenye mgahawa joto la ng'ambo. Marehemu baba asingempita mtu yule. Watu wa Kwihara wamekaa kwenye njia ya misafara tangu enzi za wapagazi, na baba hakuwahi kuanza safari, hata ya Nzega, bila kumtafuta anayetoka huko amuulize hali ya njia. Alikuwa akitutia aibu stendi: anawasimamisha abiria na mizigo yao kichwani, anawaamkia, anauliza. Kuuliza si ujinga, tunasema, na tunasema tu. Mimi nilikuwa na ramani inayojua kila kitu. Nikamwacha yule dereva akamaliza chai yake, akaondoka.

Saa tisa uvumilivu ukaniisha, nikaenda hivyohivyo. Karibu na mpaka nikayakuta malori, yamepangana upande mmoja wa barabara hata sikuona mwanzo wake. Madereva walikuwa wamejinyoosha chini ya matela, wengine wanapika, na kila mmoja ana simu yake. Ramani husoma mwendo wa simu za watu, na zile simu zisizosogea ndizo zilizoipaka barabara rangi. Kando yao njia ilikuwa tupu. Askari akanipungia mkono nipite. Magari madogo, akaniambia, hayapangi foleni na malori, na kila anayepita huku anajua.

Kugongewa muhuri na kuvuka havikufika hata nusu saa. Darajani nilikuwa nalia, na sitasema uongo, kilikuwa kilio cha hasira kabla hakijawa cha msiba.

Kutoka darajani ni mwendo wa saa nzima, na nilifika wanaume wanarudi kutoka makaburini, na udongo bado umewaganda viatuni. Uani sufuria kubwa lilikuwa juu ya mafiga. Nikatia mkono, maji yalikuwa bado vuguvugu. Binamu akanikuta nimesimama hapo. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu.

"Dada, tulikungoja," akasema. "Maji tumeyapasha mara tatu. Mwishowe shekhe akasema inatosha, majirani wakamwosha."

Nikamwuliza kama walimwosha vizuri. Akasema vizuri sana, ni wanawake wapole, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa wa damu yake. Kisha, kwa huruma ambayo sikuistahili, akanipa pole ya safari na kuniuliza kama foleni ilikuwa mbaya sana.

Nikamwambia ndiyo, mbaya sana. Na mpaka leo ndivyo anavyowaeleza watu wanaouliza kwa nini mama yake aliniusia mimi, na akaoshwa na wengine.