Mwambieni Mkwilima Arudi

Mimi ni mwoga wa vitu vya juu. Nasema hilo mapema ili msomaji asinitegemee. Ni fundi cherehani, naishi Runzewe, kazi yangu ni ya kukaa, na balbu ya dukani ikiungua anayepanda kwenye kiti kuibadilisha ni mke wangu. Wateja hucheka. Nawaacha wacheke, maana hawajui kinachonipata nikisimama juu ya kitu chochote kinachozidi urefu wa meza.

Basi ona bahati yangu, nikaenda kuoa upande wa Nyarugusu, kwenye nyumba iliyojengwa chini ya jabali. Limesimama nyuma ya mji wa wakwe zangu, kijivu, refu kupita mti wowote wa pale, na kila nikienda kusalimia nilichagua kiti cha kuligeuzia mgongo. Wanawake wa pale hulipanda kana kwamba wanaingia jikoni. Huko juu, kwenye uwanda wa jiwe lenye moto wa jua, ndiko wanakoanika michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande vyembamba na kukaushwa viwekwe akiba ya miezi ya njaa. Zamani walianika kwenye miamba ya chini. Likaja karasha la kusaga mawe ya dhahabu, likanguruma kutwa, na vumbi lake likatua juu ya kila kitu. Mama mkwe wangu akasema hatawalisha wajukuu wake vumbi la karasha, akahamia juu na viazi vyake.

Njia za kupanda zilikuwa tatu, na wanawake wamezipa majina. Iko Njia ya Wajawazito, inayozunguka kwa nyuma taratibu, lakini hiyo imekufa. Wachimbaji waliufuata mshipa wa dhahabu hadi kwenye mguu wa jabali, wakaacha mashimo wazi pale pale pa kupita. Iko Kipara, ubavu mtupu wa jiwe usio na pa kushika, unaoupanda kwa nyayo tupu na imani. Kikiwa kikavu kinapitika, kikilowa kinateleza kama mlenda. Na liko Koo. Hilo ni korongo jembamba lililolipasua jabali kutoka juu hadi chini, lina giza hata mchana, na katikati yake limekwama jiwe kubwa wanaloliita Kokwa. Unapanda ukiegemeza mgongo ukuta huu na miguu ukuta ule, ukifika chini ya Kokwa unatokea pembeni kwenye vishimo vya kukanyagia, kisha unaendelea. Haya yote nilielezwa na mke wangu mwaka tuliooana, akicheka, akikumbuka utoto wake.

Na kuna jambo jingine. Kwetu Wasukuma, mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe wake hawasogeleani. Mkikutana njiani unaacha njia. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Mjini mambo hayo yamelegea siku hizi, lakini mama huyu hakuwa na mpango wa kulegeza chochote. Akiwa na neno na mimi, alilipitisha kwa mtu mwingine. "Mwambieni mkwilima maji ya kuoga yako tayari," angesema, nami nimesimama hapo hapo nasikia. Kama hapakuwa na mtu, alilipitisha kwa mbuzi, au kwa ukuta. Nilimheshimu sana, na kusema kweli nilimwogopa karibu sawa na jabali lake.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwao kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Habari zilipofika nikafunga duka, nikachukua kitenge kipya cha mbeleko, sikukifua hata wanga haujatoka, nikapanda basi. Nilimkuta amechoka, anaketi kwa taabu upande upande, lakini anatabasamu. Baba mkwe alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani, na mashemeji zangu wote walikuwa machimboni. Mwanamume pale nyumbani nilikuwa mimi tu, kama mtu anaweza kuniita hivyo siku ile.

Haukuwa bado msimu wa mvua. Lakini baada ya chakula cha mchana upepo uligeuka, ukaja na harufu ya udongo uliolowa, na upande wa ziwani mbingu zikawa nyeusi. Mama mkwe alitoka jikoni, akatazama juu mara moja, akanyakua gunia tupu, akaenda. Michembe ya mwaka mzima ilikuwa juu ya jiwe, na ikilowa inaota ukungu, hata kuku hawaitaki. Tulimwona kutoka mlangoni akikipanda Kipara kwa miguu mitupu, kanga ameifunga kiunoni, hasimami kupumua. Nikageuza uso, maana hata kumtazama kulinipa kizunguzungu.

Mvua ikashuka kwa mkupuo mmoja. Tukangoja atokee. Radi ikapiga upande wa karasha, mtoto akashtuka, na juu ya Kipara hapakuonekana mtu, ni maji tu yakiteremka yanang'aa. Mke wangu aliniambia taratibu, kana kwamba mimi ndiye mzazi niliyejifungua, kwamba Kipara hakishukiki tena, kwa hiyo mama yake atakuwa ameingia Koo. Akaniambia pia kwamba mvua ikizidi, maji yote ya juu ya jabali hupita Koo, hakuna pengine pa kupita. Nikasema niende kuita watu kwenye karasha. Akasema hadi niende na kurudi, Koo litakuwa limejaa. Akajaribu kuinuka mwenyewe, akashika ukuta, akakaa tena.

"Mama yangu yumo mle ndani," akasema. Akaivua mbeleko begani, akanipa.

Sijui kwa nini watu husema hofu humpa mtu mbio. Mimi ilininyang'anya miguu. Nilitembea hadi mdomo wa Koo kama mzee, nikasimama pale nikilowa, nikitafuta sababu yoyote ya kurudi ambayo ningeweza kumwambia mke wangu uso kwa uso. Sikuipata. Maji yalikuwa tayari yanatoka chini, mekundu, hayajazidi kifundo cha mguu. Nikajifunga mbeleko kiunoni, nikavua viatu, nikaegemeza mgongo kama nilivyowahi kusimuliwa, nikaanza.

Kila hatua niliapa ni ya mwisho. Jiwe lilikuwa la baridi na lilinuka popo. Nilikuwa nasukuma miguu, nainua makalio, nasukuma tena, na nusu ya nguvu zangu ilikuwa inakwenda kwenye kutetemeka. Mara moja nilitazama chini. Mdomo wa Koo ulikuwa mstari mdogo wa mwanga, nami nikahisi mkojo unanitoka, nao ukanitoka, ukachanganyika na mvua. Radi ilipopiga, sauti yake iliingia mle korongoni ikazunguka, na nikamwita mama yangu mzazi ambaye yuko Tinde na hakuwa na habari yoyote.

Ndipo nikasikia mtu akiguna juu yangu.

Nilipanda hadi kwenye ngazi pana ya jiwe chini kidogo ya Kokwa, nikamwona. Alikuwa ng'ambo ya pili, ameketi kwenye kizingiti kinachomtosha mtu mmoja tu, goti moja limevimba, gunia la michembe amelikumbatia. Alikuwa ameshalipita Kokwa akateleza, akaangukia pale. Kati yetu maji yalikuwa yanamwagika kutoka juu ya Kokwa na kudondoka kwenye giza chini, upana wa kitanda tu. Kwenye huo upana kulikuwa na jiwe moja la kukanyaga, nalo lilikuwa limeanza kufunikwa. Aliponiona, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuvuta kanga iliyolowa akafunika kichwa, akanipa mgongo.

"Mwambieni mkwilima arudi," akaliambia jiwe lililokuwa mbele yake. "Jiwe limelowa, na ana mtoto mchanga."

Nilikasirika. Nilikuwa nimejikojolea, mikono inavuja damu, na yule mama alikuwa anapitisha maneno kwa jabali. Lakini adabu imeingia mwilini, haitoki kwa radi. Nikamjibu kwa kuliambia Kokwa kwamba mama aambiwe sirudi bila yeye. Huo haukuwa ushujaa wowote. Nilikuwa sijui jinsi ya kushuka.

Maji yakaongezeka sauti. Nikafungua mbeleko, nikaliambia Kokwa kwamba nitarusha ncha ya kitenge, mama aizungushe mkononi, akanyage lile jiwe, nami nitamvuta. Kitambaa nakijua. Nilikishika kwa urefu wake, upande wa pindo, kisikoweza kunyumbuka, na hivyo hatungegusana. Nilirusha, ncha ikamfikia. Nikasubiri nisikie uzito wake. Uzito ukaja, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kilichokuja kikinigonga kifuani kilikuwa gunia la michembe.

"Mwambieni mkwilima aliweke mahali pakavu," alisema.

Hapakuwa na mahali pakavu duniani. Nililikandamiza nyuma yangu kwenye pembe ya ukuta, nikiwa nalia kwa hasira na woga, sitofautishi kimoja na kingine. Nilijua gunia lile ndilo chakula cha nyumba ile, cha mke wangu mzazi pia. Lakini lile jiwe la kukanyaga lilikuwa limeshatoweka ndani ya maji, na muda wa kulipita yeye alikuwa ameutumia kwa viazi. Nikarusha tena. Safari hii alijizungushia kitenge mkononi, akasimama kwa mguu mmoja, bado uso kautazamisha ukutani, akapapasa kwa mguu wa pili ndani ya maji akitafuta jiwe.

Akalipata, akahamisha uzito, na mguu ukamtoka.

Sikumwona akianguka. Niliona kitenge kimenyooka, nikasikia bega langu likivutwa, na kile kitambaa kipya, kwa wanga wake uliolowa, kikaanza kunitoka mikononi kidogo kidogo kama sabuni. Alikuwa ananing'inia, maji yanampiga kichwani, kanga imekwenda. Kwa mara ya kwanza tangu nioe kwao nilimwona uso. Alikuwa na macho ya mke wangu. Alikuwa anaogopa kama mimi, na hakuna ukuta wala mbuzi aliyekuwa amebaki wa kumpitishia neno.

"Mwanangu," akasema, akinitazama. "Nishike."

Nikaachia kitenge kwa mkono mmoja, nikainama mahali ambapo nisingeinama kwa fedha yoyote, nikamshika kifundo cha mkono. Nilimshika vibaya, kwa kucha, kama unavyoshika kitu usichokusudia kukiachia hata ukifa. Akajivuta, nikajivuta, tukaangukia kwenye ngazi ya jiwe, tukabaki tumelala juu ya gunia tukihema. Alikuwa amelala kwenye bega langu, mama mkwe wangu, kichwa wazi.

Kushuka siwezi kukueleza vizuri. Nilitangulia mimi, naye akateremka akiwa amekaa, gunia amelifunga mgongoni kwa mbeleko ya mjukuu wake, na mimi naushika mguu wake mmoja mmoja kwa mikono yangu na kuuweka mahali. "Weka hapa mama," nilikuwa namwambia. "Nimekushika." Naye alikuwa anajibu moja kwa moja, "Haya baba, haya." Maji yalikuwa yamefika kiunoni tulipotoka kwenye mdomo wa Koo. Hapo akauondoa mkono wake begani kwangu. Akafungua mbeleko, akajifunika kichwa, akasogea pembeni hatua kadhaa, akaanza kuchechemea kuelekea nyumbani bila kugeuka. Nikabeba gunia nyuma yake, mbali kama inavyotakiwa.

Jioni ile hakuna aliyeuliza mama alishukaje. Baba mkwe aliporudi aliambiwa kwamba mama aliteleza kidogo, Mungu mkubwa. Nililala chumba cha wageni nikitetemeka hadi kitanda kikalia. Kila nilipofumba macho nilihisi kitenge kinanitoka. Nilijua kwamba kama ningechelewa kufungua vidole kwa kuogopa kumgusa, mke wangu asingekuwa na mama, na mimi nisingekuwa na mke wa kumtazama usoni.

Asubuhi jua lilitoka kana kwamba halikufanya kitu. Mama mkwe alikuwa ameketi mbali, upande wa pili wa uwanja, mguu ameunyoosha, kanga imefika kwenye paji la uso, anageuzageuza michembe juu ya turubai na kufukuza kuku. Nilipochukua mkoba wangu kuondoka, nikaaga nikiutazama mti. Akamwita mke wangu, akasema naye kwa sauti iliyonifikia vizuri.

"Mwambie mkwilima mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu."

Mke wangu akanitazama, hajui acheke au afanye nini. Nikamwambia amjibu mama kwamba bado unatetemeka.

Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono kugeuza kipande cha mwisho, na hata kutoka pale niliposimama niliziona alama za vidole vyangu kwenye kifundo chake, nyekundu, zote tano. Alikuwa amejifunika kichwa, mabega na miguu, lakini mkono ule alikuwa hajaufunika.