Nchi Tano kwa Siku Kumi, na Goti Langu

Leo nimemdanganya binti yangu, akanishika palepale.

Amina wangu, injinia (ndiyo, yule niliyemsomesha kwa kuuza maziwa ya ngamia, mashallah), alikuja hapa nyumbani kwangu Galbet na mpango wa safari yangu na watoto wangu. Ethiopia, Jibuti, Saudia, Misri, Uturuki. Siku kumi!

Nikahesabu viwanja vya ndege. Nikashika goti langu bovu.

"Nendeni tu," nikamwambia. "Mimi ndege sizipendi."

Wallahi uongo! Umra kule Saudia nimeitamani tangu yeye hajazaliwa. Lakini nani anataka kuwa mzigo kwa watoto wake?

Amina akanitazama. "Hooyo, mama yangu, wakati wa vita vya shifta, mlipokimbia kutoka Tarbaj kwa miguu, nani alikuwa wa nyuma kabisa?"

"Mimi. Nilikuwa na miaka saba, nyayo zimejaa malengelenge."

"Na babu alifanyaje?"

Anajua. Nimemsimulia mara mia. Wenzetu walitaka tukaze mwendo, wanaogopa wanajeshi. Baba akasema, "Mwendo wetu ni wa huyu mtoto." Tukawa tunatembea siku moja, tunajificha na kupumzika siku moja, mpaka tukafika sote.

Amina akachukua kalamu, akafuta nchi tatu. Zikabaki Ethiopia na Saudia, siku kumi zilezile.

"Mwendo wetu ni wa huyu mama," akasema.

Nimelia, sifichi. Alhamdulillahi kwa baba yule, alhamdulillahi kwa binti huyu.

Haya semeni, nani mwingine ana mtoto kama wangu? Msijibu haraka.